Leseni ya ualimu peke yake, au pamoja na shahada ya uzamili?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni Mkenya wa Kilifi, naishi San Diego, California, na wanangu wawili. Nina ukaazi wa kudumu hapa, na shahada ya sayansi katika hisabati niliyoisomea Kenya. Kwa sasa ni msaidizi wa darasani katika shule ya msingi ya umma, lakini nia yangu ni kufundisha hisabati sekondari. Nimepata vyuo viwili. Kimoja, cha umma, kinatoa leseni ya ualimu peke yake. Kingine kinatoa shahada ya uzamili ya ualimu pamoja na leseni, kwa karo inayokaribia mara mbili. Wenzangu wananiambia nisikubali kusoma mwaka mzima halafu nitoke bila masters. Nichague kipi? Na siku nikirudi nyumbani, vyeti hivi vitanifaa?

Jibu: Marahaba, dada yangu. Jibu langu nalitoa mapema ili usome mengine ukijua ninakokupeleka. Kwa hali uliyoieleza, anza na leseni katika kile chuo cha umma, ila kabla ya kulipa hata senti, kikuthibitishie kwa maandishi kwamba yuniti utakazosoma, yaani vipimo vya uzito wa kozi, zitahesabiwa ukirudi kumalizia uzamili. Yako mambo matatu manne yanayoweza kuligeuza jibu hili, nami nitayataja.

Wengi hudhani leseni na shahada ni kitu kimoja chenye majina mawili. Shahada hutolewa na chuo. Leseni hutolewa na jimbo, na California kazi hiyo ni ya tume iitwayo Commission on Teacher Credentialing, ambayo wengi huiita CTC. Chuo hakikupi leseni. Kinachofanya ni kukusomesha na kukusimamia, kisha kukupendekeza kwa tume. Shule ya umma ikitaka kukuajiri, swali lake la kwanza ni leseni. Mtu anaweza kuwa na uzamili wa elimu ukutani na bado asikabidhiwe darasa lake mwenyewe.

Hapo ndipo nimeona watu wetu wakiumia, na inaniuma nami. Mtu anaona tangazo la uzamili wa elimu kwa njia ya mtandao, karo inalipika kidogo kidogo, jina la shahada linasikika vizuri. Anasoma miaka miwili huku akifanya kazi za usiku. Anahitimu, anaomba kazi, anaulizwa leseni iko wapi. Shahada ile ilikuwa halali kabisa, ila ilitungwa kwa ajili ya walimu ambao tayari wana leseni na wanataka kupanda ngazi. Kwa hiyo hata hicho chuo cha bei kubwa usikiamini kwa tangazo lake. Ingia kwenye tovuti ya CTC, utafute orodha ya programu zilizoidhinishwa, uhakikishe jina la chuo lipo na aina ya leseni unayoitaka ipo mbele yake. Unayoitaka wewe inaitwa Single Subject, yaani ya somo moja, upande wa hisabati. Ile ya Multiple Subject ni ya walimu wa msingi wanaofundisha masomo yote darasa moja. Kwa kuwa sasa uko shule ya msingi, mtu anaweza kukusukuma huko bila kukuuliza.

Pengine unajiuliza kwa nini hapa usomee ualimu baada ya shahada wakati Kenya mtu anaingia chuoni, anachukua BEd yake ya miaka 4, anatoka mwalimu. Ni matokeo ya sheria ya California ya 1970, Ryan Act, ndiyo hiyo hiyo iliyounda tume. Sheria hiyo ilitaka mwalimu awe kwanza na shahada ya somo lenyewe, ualimu auongeze juu yake. Ikashika mizizi desturi ya mwaka wa tano, na vyuo vingi vikaona kwamba kwa kuwa mwanafunzi yuko nao mwaka mzima baada ya shahada, waongeze kozi chache atoke na uzamili. Wazo lenyewe ni la zamani zaidi: Harvard ilianzisha shahada yake ya uzamili ya ualimu mwaka 1936, ikiunganisha ujuzi wa somo na ujuzi wa kulifundisha. Nasema hivi ili ujue kwamba shahada ya pamoja si utapeli. Ni njia yenye heshima. Kinachobishaniwa ni kama inakufaa wewe, mwaka huu, kwa bei hiyo.

Sasa tazama kilichomo ndani. Upande wa leseni, programu zote mbili zina sehemu ile ile, kwa sababu masharti ni ya tume. Kote kuwili utafanya saa 600 za mazoezi darasani, ile tunayoiita TP nyumbani, ila hii ni ndefu na msimamizi wako hutazama kwa jicho kali. Kote kuwili utapimwa kwa tathmini ya ufundishaji. Vyuo vingi hutumia CalTPA, yenye awamu mbili: ya kwanza unaonyesha unavyowajua wanafunzi wako na kupanga somo kwa kuwatazama wao, ya pili unaonyesha unavyotumia matokeo ya vipimo kubadilisha ufundishaji. Unajirekodi video ukifundisha, unaandika maelezo, unatuma. Kote kuwili utatakiwa kuonyesha kwamba umesoma Katiba ya Marekani, kwa kozi au kwa mtihani, na alama zako za vidole zitachunguzwa kabla hujaanza mazoezi. Ukimaliza unapata leseni ya awali ya miaka 5. Ndani ya muda huo, ukiwa tayari kazini, unafanya miaka 2 ya uangalizi pamoja na mwalimu mlezi, kisha leseni inakuwa kamili. Baada ya hapo unaihuisha kila miaka 5 kwa kulipa ada tu.

Nyongeza inayoletwa na uzamili, kwa kawaida, ni kozi za utafiti wa elimu, kozi moja mbili za nadharia, na mradi au tasnifu fupi ya mwisho. Zina faida. Mwalimu aliyejifunza kutafiti darasa lake mwenyewe huwa na jicho jingine. Lakini faida hiyo huipata zaidi mtu aliyekwisha kufundisha miaka miwili mitatu, mwenye maswali yake ya kweli, kuliko mtu anayepigana na mpango wa somo wa kesho asubuhi.

Tuje kwenye fedha, kwa kuwa ndizo zilizokufanya uniandikie.

Kila wilaya ya shule California ina jedwali la mishahara, na ni waraka wa wazi. Utaupata kwenye tovuti ya wilaya au katika mkataba wa chama cha walimu. Mistari ya juu kwenda chini ni miaka ya kazi. Safu za kushoto kwenda kulia ni masomo uliyoyaongeza baada ya shahada ya kwanza. Soma vichwa vya safu hizo polepole. Katika wilaya nyingi utakuta kinachohesabiwa ni yuniti: shahada ya kwanza na yuniti 30, na yuniti 45, na 60, na kuendelea. Uzamili wenyewe mara nyingine ni sharti la safu fulani, mara nyingine ni posho ndogo ya mwaka inayoongezwa pembeni. Na hapa pana jambo ambalo wenzako hawakukwambia: yuniti za leseni nazo huhesabiwa, kwa kuwa umezisoma baada ya shahada ya kwanza. Mwenye leseni peke yake haanzii chini kabisa. Chukua majedwali ya wilaya mbili tatu unazoweza kuzifikia kwa gari kutoka unapoishi, uweke kidole kwenye safu utakayoanzia ukiwa na leseni tu, kisha kwenye safu utakayoanzia ukiwa na uzamili. Tofauti hiyo ya mwaka ndiyo unayoilipia kwa karo ya ziada. Gawanya karo hiyo kwa tofauti hiyo utajua ni miaka mingapi kabla hujarudisha fedha zako. Wewe ni mtu wa hisabati. Jibu utakalolipata litakushawishi kuliko maneno yangu.

Uwe mwangalifu na yuniti zenyewe. Vyuo vya Chuo Kikuu cha California, isipokuwa Berkeley na Merced, vinaendesha mwaka uliogawanywa kwa robo, na vile vya California State University kwa kawaida vinaendesha mihula miwili. Yuniti moja ya muhula ni sawa na moja na nusu ya robo. Yuniti 45 za robo ni 30 tu kwenye jedwali la mishahara.

Kuhusu mikopo: anayesoma leseni peke yake huhesabiwa na serikali ya shirikisho kama mwanafunzi wa mwaka wa tano wa shahada ya kwanza, na kikomo cha mkopo kwa mtu mwenye familia kama wewe ni dola 12,500 kwa mwaka. Wa uzamili anaweza kukopa hadi dola 20,500. Kikomo kikubwa huonekana kama neema, na ndiyo maana watu hukopa kingi. Tena, kwa wanaoanza kuanzia Julai 2026, ule mkopo wa ziada wa shirikisho kwa wanafunzi wa uzamili, Grad PLUS, umefutwa, kwa hiyo chuo cha ghali kikizidi hapo, kilichobaki ni mkopo wa benki, ambao hauna huruma.

Ipo ruzuku ya shirikisho kwa wanaosomea ualimu, iitwayo TEACH, hadi dola 4,000 kwa mwaka, ambayo kila mwaka hukatwa kidogo kwa sababu za bajeti. Kwa masomo ya uzamili jumla haizidi dola 8,000. Wenye ukaazi wa kudumu wanaruhusiwa, na hisabati ni somo lenye uhaba wa walimu. Lakini isome kama mkataba. Unaahidi kufundisha miaka 4 ndani ya miaka 8 katika shule inayohudumia watoto wa familia za kipato cha chini. Usipotimiza, yote hugeuka mkopo, na riba inahesabiwa kuanzia siku uliyopokea fedha. Mwalimu wa hisabati wa sekondari anayefundisha miaka 5 mfululizo katika shule za namna hiyo anaweza kusamehewa hadi dola 17,500 za mikopo yake ya shirikisho. Kuna pia msamaha wa watumishi wa umma baada ya malipo 120, ila miaka ile ile haihesabiwi mara mbili kwa misamaha yote miwili. Ruzuku za jimbo la California huja na kuondoka kwa kila bajeti. Ziombe zikiwepo, usipange maisha ya wanao juu yake.

Gharama ambayo watu huisahau ni mshahara utakaoukosa. Saa 600 za mazoezi haziwezi kufanywa jioni. Kwa miezi kadhaa utakuwa shuleni mchana kutwa, mara nyingi bila malipo, na kazi yako ya usaidizi itabidi uisimamishe. Kwa mama wa watoto wawili huo ndio mlima wenyewe, kuliko tofauti ya karo. Kabla ya kuchagua chuo, nenda ofisi ya utumishi ya wilaya yako ukaulize mambo matatu. Kwanza, kama wilaya imo katika mpango wa jimbo wa kuwasaidia wafanyakazi wa shule wasio walimu kupata leseni. Mpango huo ulianza 2016 na uliundwa kwa watu walio katika nafasi kama yako. Pili, kama wanaajiri walimu wanagenzi. Usimchanganye mwanagenzi wa hapa na wale wa TSC, tume ya walimu ya Kenya, ambao wamekwisha kuhitimu. Wa California bado anasoma, ana leseni ya muda ya miaka 2, na anafundisha darasa lake kwa mshahara. Atatakiwa awe amethibitisha ujuzi wa somo na kumaliza saa 120 za maandalizi. Ni njia ngumu. Unafundisha mchana, unasoma usiku, na makosa yote ya mwanzo unayafanya mbele ya watoto bila mwenyeji wa darasa kukushika mkono. Wewe umekwisha kukaa darasani, unajua shule inavyopumua, kwa hiyo sikukatazi. Tatu, uliza kama kuna programu ya ukaazi wa ualimu, ambapo unakaa mwaka mzima na mwalimu mzoefu huku ukipewa posho, kwa ahadi ya kubaki kufundisha.

Hiyo ya tatu ndiyo ya kwanza kati ya yale yanayoweza kuligeuza jibu langu. Programu za ukaazi nyingi zinaunganisha leseni na uzamili. Ukipata nafasi yenye posho na karo iliyopunguzwa, ichukue na uzamili wake, usiulize mara mbili.

Jambo la pili ni kuhama. California haikulazimishi kuwa na uzamili ili leseni yako iwe kamili. New York inalazimisha: unaanza na cheti cha awali, na ili upate cha kudumu lazima umalize uzamili. Kama una ndugu huko na mawazo ya kuhamia, shahada ya pamoja ina maana zaidi.

La tatu ni ndoto za mbele. Ukitaka siku moja kufundisha hisabati katika community college, yaani chuo cha umma cha miaka miwili, uzamili wa ualimu wa jumla hautakufungulia mlango. California inataka uzamili wa hisabati yenyewe, au shahada ya kwanza ya hisabati uliyo nayo pamoja na uzamili wa takwimu, fizikia au elimu ya hisabati. Soma hayo maneno ya mwisho tena: elimu ya hisabati. Kama uzamili wa chuo chako cha ghali umeandikwa hivyo kwenye cheti, thamani yake kwako inapanda. Ukiwa umeandikwa ualimu tu au elimu tu, ni afadhali uweke nafasi yako ya uzamili akiba kwa ajili ya kitu kitakachokupeleka mbali zaidi.

La nne ni tofauti ya bei yenyewe. Ukikuta katika chuo hicho hicho cha umma kwamba kuongeza uzamili ni kozi tatu nne za majira ya joto kwa karo ya kawaida, ongeza, nguvu zikiwepo. Zisipokuwepo, ndiyo maana nikasisitiza yale maandishi ya kuthibitisha yuniti. Katika mfumo wa California State University kozi za uzamili kwa kawaida hubaki hai miaka 7. Unaweza kupata leseni, ukafundisha miaka miwili mitatu kwa mshahara kamili, kisha ukarudi kumalizia kilichobaki, pengine wilaya ikikuhesabia yuniti hizo kwenye jedwali. Uliza ni yuniti ngapi za leseni zitaingia kwenye uzamili, za uzamili upi, na kwa muda gani. Mshauri akikujibu kwa mdomo, mwombe akuandikie barua pepe.

Kuhusu shahada yako ya Kenya. Lazima itathminiwe kozi kwa kozi na moja ya taasisi zilizoidhinishwa na CTC. Usikimbilie ya bei nafuu kabla hujaona jina lake kwenye orodha yao. Shahada ya miaka 4 kwa kawaida husawazishwa na ya hapa. Wasomaji wangu wa Tanzania wenye shahada za miaka 3 wawe waangalifu zaidi, kwa kuwa taasisi za tathmini hutofautiana. Ukishapata ripoti, uliza chuo kama shahada hiyo inatosha kuthibitisha ujuzi wa somo au utahitaji mitihani ya CSET. Tangu 2021 sheria inaruhusu kozi kutumika badala ya mitihani, au mchanganyiko wa vyote viwili. Ikibidi mitihani, hisabati ina sehemu tatu: ya kwanza namba na aljebra, ya pili jiometri na takwimu, ya tatu kalkulasi. Ukiishia mbili unapata leseni ya hisabati ya ngazi ya chini, iitwayo Foundational-Level, ambayo haikuruhusu kufundisha kalkulasi. Kwa mtu mwenye shahada ya hisabati, nakusihi usiishie hapo.

Na nyumbani je? TSC huandikisha walimu wa sekondari wenye masomo mawili ya kufundishia, na huangalia pia alama zako za KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari: C+ kwa wastani na C+ katika masomo hayo mawili. Leseni ya California ni ya somo moja. Shahada ya nje nayo hupitia kutambuliwa na mamlaka ya Kenya kwanza. Kwa hiyo kitakachokukwamisha Kenya huenda kisiwe kukosa uzamili, bali kukosa somo la pili. Tazama transkripti yako ya zamani: ulisoma fizikia? Uchumi? Kompyuta? Kama zipo kozi za kutosha, hifadhi ushahidi wake wote. Kama hazipo na nia ya kurudi ni ya kweli, yuniti za somo la pili zitakufaa kuliko tasnifu ya elimu, na California yenyewe inaruhusu kuongeza somo kwenye leseni uliyo nayo.

Kazi ya wiki hii ni moja. Andikia chuo chako cha Kenya uombe transkripti rasmi zitumwe moja kwa moja kwa taasisi ya tathmini, zikiwa zimefungwa na kupigwa muhuri. Hilo ndilo huchelewesha watu kuliko mitihani na karo, na kama una ndugu Nairobi au Mombasa anayeweza kwenda kusimama kwenye dirisha la msajili, mpigie leo.